Timu inapigwa kila wiki, imepata chaguo la kwanza kwenye drafti: ifanyeje?

Swali limetoka kwa mdogo wangu mmoja anayeishi Nashville, kwao Kigoma, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kocha. Nina miaka sita huku Marekani na nimeangukia kwenye timu ya hapa, Titans. Msimu wa 2024 tumemaliza tumeshinda mechi 3 tumefungwa 14, tukapata chaguo la kwanza kwenye drafti, Aprili 2025 tukamchukua kotabeki Cam Ward, watu mtaani wakashangilia kama tumechukua kombe. Kufika Oktoba tumeshinda moja tumepoteza tano na kocha kafukuzwa. Kila mwaka tunaambiwa subirini drafti, subirini drafti. Sasa nauliza, timu mbovu ikipata chaguo la juu inatakiwa ifanyeje? Ichukue kotabeki, ichukue mtu mwingine au iuze? Na dogo wangu wa miaka tisa anataka jezi ya Ward, ninunue au nisubiri kwanza?"

Marahaba mdogo wangu. Hili swali limenikaa kichwani wiki nzima maana ndo mambo yangu haya, nafundisha vijana wa laini ya ushambuliaji kwenye timu ya sekondari huku Ohio, wale watano wanaokaa mbele ya kotabeki kumkinga, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila Aprili naumia roho nikiona timu kubwa zenye hela na skauti kibao zinarudia kosa lilelile.

Kwa wale wa nyumbani wasioufuata mchezo huu, drafti ninayosema hapa siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ligi ya NFL, ya futiboli ya Kimarekani, ina timu 32, na kila Aprili zinagawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, raundi saba, aliyevurunda zaidi msimu uliopita anachagua wa kwanza na bingwa anachagua mwishoni. Wameanza hivyo tangu 1936. Nia yake ni mnyonge anyanyuke. Na kotabeki ndo yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi, kwa hiyo timu ikiwa mbovu macho yote yanakuwa kwake.

Sasa tatizo linaanzia kichwani kabla hata ya jina la mchezaji. Timu inayopigwa inaingia kwenye drafti na ile akili ya mgeni njoo mwenyeji apone. Paa linavuja, kuta zina nyufa, wenye nyumba hawasemezani, alafu wanamsubiri kijana wa miaka 22 aje awaponye. Mgeni akifika anakuta hamna pa kulala, na baada ya mwaka mmoja wanasema mgeni mwenyewe ndo mbaya.

Sisi Watanzania hili tunalijua bila kuambiwa na mtu, sema tulilionea kwenye kikapu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, timu iliyotoka kushinda mechi 24 na kupoteza 58. Sisi tulilia kwa furaha, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA jamani! Aliyechaguliwa namba tatu baada yake ni James Harden, na namba saba ni Stephen Curry, ndo maana mpaka leo kuna watu wanamtaja Hasheem kama mfano wa chaguo lililopotea na mimi huwa nakasirika kabisa. Angalia nyumba aliyoingia. Hasheem alianza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, alihitaji dakika nyingi uwanjani na mtu wa kukaa naye kila siku, na Memphis nafasi yake tayari ilikuwa na Marc Gasol, bado kijana na anazidi kupanda. Dakika atazitoa wapi? Februari 2010 wakampeleka ligi ya chini, Februari 2011 wakamtoa kwenda Houston. Mwaka mmoja na nusu! Mimi nikiulizwa nani alifeli hapo naanza na aliyechagua, maana alichukua urefu bila kujibu swali la nani atamfundisha na atacheza saa ngapi.

Turudi kwenye futiboli yao. Ukitaka kuona jinsi ya kuharibu chukua Carolina Panthers, Machi 2023. Walikuwa na chaguo la 9, wakataka la kwanza, la kwanza lilikuwa mikononi mwa Chicago Bears. Wakatoa chaguo la 9, wakatoa la 61, wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka 2024, wakatoa la raundi ya pili la 2025, alafu juu ya hayo yote wakamtoa DJ Moore, mpokeaji wao bora kabisa. Wakamchukua Bryce Young, mtoto mwenye akili ya mchezo ya ajabu ila mwili mdogo, futi 5 na inchi 10. Msimu ukaisha wameshinda 2 wamepoteza 15, Young ameangushwa na mpira mkononi mara 62, kocha Frank Reich kafukuzwa baada ya mechi 11 tu. Na lile chaguo la 2024 walilotoa, kwa sababu wao ndo walishika mkia, likageuka kuwa namba moja ya ligi nzima, Bears wakamchukua Caleb Williams nalo. Yaani umeuza sufuria, umeuza mkaa, umemleta mpishi, alafu unamuuliza mbona chakula hakiivi.

Na ujue mpishi hakuwa na shida. Msimu uliofuata Panthers wakaleta kocha mwingine, Dave Canales, wakafungua pochi kwa watu wa laini, Robert Hunt dola milioni 100 kwa miaka mitano na Damien Lewis milioni 53 kwa miaka minne. Young mwanzoni akawekwa benchi baada ya mechi mbili, akarudi, akaanza kutulia kidogokidogo, na msimu wa 2025 wakachukua ubingwa wa kundi lao. Kijana ni yuleyule, inchi hazijaongezeka hata moja. Ila hayo mambo ya laini walitakiwa wayafanye kabla ya kumleta.

Nikisema laini watu wanadhani natetea kazi yangu, kwa hiyo acha nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kuna msimu mmoja shuleni kwetu tulikuwa na kotabeki wa miaka 16, mkono wake ulikuwa wa ajabu, anarusha mpira yadi 50 huku anacheka. Laini yangu mwaka huo ilikuwa na watoto wawili ambao hawajawahi kucheza hata mechi moja. Mi huwa nashika stopwochi, nabonyeza mpira ukitoka kwa mtu wa kati wa laini na nabonyeza tena adui akimfikia kotabeki. Nataka sekunde mbili na nusu. Tulikuwa tunapata moja na nane, moja na saba. Nilimwambia kocha mkuu tutavumilia, watoto watajifunza humohumo kwenye mechi, na hilo lilikuwa kosa langu. Mechi ya tano nikaangalia video usiku nyumbani, nikaisimamisha, nikairudisha nyuma, nikaona kitu kilichoniuma. Macho yake. Mwanzo wa msimu alikuwa anaangalia mbali, anasoma walinzi wa nyuma wamekaaje, sasa kichwa kimeshuka, anaangalia helmeti za wanaomjia. Na mguu wa kushoto unanyanyuka kabla hata mtu hajamkaribia, anataka kukimbia hatari ambayo haipo.

Mwaka uliofuata laini ilikuwa imara, wale watoto wawili wamekua, tena mazoezini tulikataza kabisa mtu kumgusa. Mguu ukawa bado unanyanyuka. Ikabidi niwe nasimama nyuma yake kila siku nimemwekea kiganja mgongoni juu ya ile kinga ya bega, namwambia nipo, nipo, hesabu, moja, mbili, rusha. Ilichukua karibu msimu mzima mguu kukaa chini, na ule mkono wa kucheka na yadi 50 haukurudi wote. Mtoto wa sekondari huyo, anapigwa na watoto wenzake. Sasa fikiria wanaume wa kilo 120 wanaolipwa mamilioni kwa kazi hiyohiyo.

Ndo maana nikisoma habari za David Carr huwa sijui niseme nini. Houston Texans walikuwa timu mpya kabisa 2002, wakamchukua Carr namba moja, wakamweka nyuma ya laini ya kuungaunga, akaangushwa mara 76 kwa msimu mmoja, rekodi ya ligi mpaka leo. Alianza mechi zote 16, hakulalamika. Hatukuja kujua yule kijana angekuwa nani.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza, timu mbovu ikipata chaguo la juu ianze kazi Januari, isisubiri Aprili. Wachezaji huru, wale waliomaliza mikataba, wanasajiliwa Machi, mwezi mmoja kabla ya drafti, hapo ndo unanunua watu wa laini, tena watu wazima walioshapigana vita, siyo lazima wawe nyota. Na kabla ya hapo unamaliza suala la kocha, na hapa ndo pananiuma zaidi maana wenye timu wengi wanapachezea.

Kocha ambaye kiti chake kinawaka moto hatakiwi kupewa kotabeki mpya. Sababu ni rahisi, yule kocha anahitaji kushinda Septemba ili asifukuzwe Novemba, na kijana anahitaji miaka miwili. Saa zao haziendani. Atamwingiza kabla hajaiva, atampa mfumo ambao mwakani utatupwa, alafu kocha mpya atakuja na lugha nyingine kabisa, maana kila kocha ana majina yake ya michezo, ishara zake, miguu anavyoipanga, na kijana anaanza tena kusoma herufi. Bears wenyewe, pamoja na ujanja wote waliowafanyia Panthers, wakaangukia humohumo, 2024 wakamleta Caleb Williams kwa kocha Matt Eberflus aliyekuwa tayari anaponea chupuchupu, Caleb akaangushwa mara 68, Eberflus kafukuzwa Novemba. Wakajifunza, lazima niseme. 2025 wakamleta Ben Johnson na kabla ya drafti wakawa wameshawachukua watu watatu wa katikati ya laini, Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman, na mwaka huohuo wakachukua ubingwa wa kundi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Trevor Lawrence. Jacksonville Jaguars 2020 walishinda mechi moja wakapoteza 15, wakamchukua Lawrence namba moja, kijana ambaye kila mtu tangu yuko sekondari alisema huyu atakuwa namba moja. Wakamkabidhi kwa Urban Meyer, kocha mkubwa wa vyuo ambaye hajawahi kufundisha NFL hata siku moja, na yule hakumaliza msimu, mechi 13 akaondolewa. Lawrence mwaka huo alitoa pasi 12 za tachidauni, yaani zilizoleta alama, na 17 zikanaswa na adui. Mwaka uliofuata akaja Doug Pederson, mtu aliyewahi kucheza nafasi ya kotabeki mwenyewe na ameshachukua Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa kocha, na namba za Lawrence zikawa tachidauni 25, zilizonaswa 8, wakaingia mtoano, na mechi ya kwanza ya mtoano wakawa nyuma 27-0 wakageuza wakashinda 31-30. Miezi kumi na miwili tu hapo katikati.

Haya, sasa swali lako lenyewe, kuchukua au kuuza.

Miaka ya tisini mwanzoni Dallas Cowboys chini ya Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la thamani za machaguo, mpaka leo watu wanalitumia au wanatumia majedwali yaliyotokana nalo. La kwanza lina pointi 3,000, la 10 lina 1,300, la 16 lina 1,000. Maana yake ukitoa namba moja ulipwe machaguo matatu ya katikati ya raundi ya kwanza. Alafu wakaja wasomi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyu Thaler baadaye akapewa Nobel ya uchumi 2017, wakapiga hesabu za miaka mingi wakaona timu zinajiamini kupita kiasi. Ukichukua mchezaji mmoja na yule aliyefuata kuchaguliwa kwenye nafasi hiyohiyo, uwezekano wa wa kwanza kuwa bora ni asilimia 52 hivi. Hamsini na mbili! Karibu sawa na kurusha shilingi. Na kwa nafasi hiyo ya kurusha shilingi watu wanauza miaka yao mitatu ya mbele.

Utafiti wao ulifanyika kipindi ambacho wachezaji wapya wa juu walikuwa wanalipwa hela za kutisha, Sam Bradford 2010 alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, hajacheza hata mechi moja. 2011 makubaliano mapya ya kazi yakakata hayo, Cam Newton aliyekuwa namba moja mwaka huo akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Kwa hiyo chaguo la juu sa hivi lina nafuu zaidi kuliko walivyolipima wao. Ila ile asilimia 52 haihusiani na hela, inahusu macho ya binadamu, na macho hayajabadilika. 1998 watu wenye akili zao walibishana kwa miezi, Peyton Manning au Ryan Leaf; Manning akawa gwiji, na Leaf kuna mechi mwaka huo alikamilisha pasi 1 kati ya 15. 2017 Bears walipanda kutoka namba 3 kwenda namba 2 kumchukua Mitchell Trubisky wakati Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota wa ligi, bado yupo mezani, akakaa hapo mpaka namba 10. Tom Brady, ambaye wengi wanamwita kotabeki bora wa wakati wote, alichaguliwa wa 199. Hawa wote waliochagua hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo mimi nikiwa meneja mkuu wa timu inayopigwa ningefanya hivi. Ningempa kila mtu anayehusika, kocha mkuu, kocha wa ushambuliaji, kocha wa makotabeki, mkuu wa skauti, karatasi nyeupe, kila mtu chumba chake, andika jina la kotabeki mmoja ambaye ungemchukua namba moja hata kama mwenye timu angekuwa likizo na mashabiki wamelala. Karatasi zikirudi zina jina moja, tunamchukua, hatuuzi hata mtu alete dunia. Zikirudi na majina mawili matatu, au mtu kaacha wazi, mi nachukua simu naanza kupokea ofa. Ukikusanya watu kwenye meza moja yule mwenye sauti kubwa ndo anachagua na wengine wanatikisa vichwa, nimeona hata kwenye vikao vyetu vya shule.

Na ukiuza, ujue unauza ili upate nini. Detroit Lions ni shule nzuri hapa. Hawa 2008 walipoteza mechi zote 16, wakamchukua Matthew Stafford namba moja 2009, mtu mzuri sana, na bado miaka kumi na mbili hawakushinda hata mechi moja ya mtoano naye. 2021 meneja mpya Brad Holmes na kocha Dan Campbell wakampeleka Stafford kwa Rams, wakapata Jared Goff, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja la raundi ya tatu. Watu wakasema Goff ni mabaki. Alafu chaguo lao la kwanza kabisa, namba 7, timu haina kitu, mashabiki wanalilia mtu wa kurusha au kupokea, wao wakachukua mtu wa laini, Penei Sewell, na kuna video chumba kizima kinapiga kelele za furaha kwa ajili ya mtu wa laini, mi niliiona nikasimama nyumbani kwangu. Mwaka huo walishinda mechi 3 tu na hawakumfukuza kocha. 2022 wakachukua Aidan Hutchinson namba mbili, mtu wa kuwinda kotabeki wa adui. 2023 wakashinda 12 wakafika hatua moja kabla ya Super Bowl, 2024 wakashinda 15 wakapoteza 2. Na yule Goff wa mabaki ndo alikuwa anarusha, maana mbele yake kuna ukuta.

Sijasema kotabeki asichukuliwe. Ukimpata sahihi, hesabu yake ni tamu kuliko kitu chochote kwenye mchezo huu. Cam Ward wenu mkataba wake ni karibu dola milioni 49 kwa miaka minne yote, wakati Dak Prescott wa Dallas 2024 alisaini wa milioni 60 kwa mwaka mmoja mmoja. Hiyo tofauti kila msimu ndo hela ya laini, hela ya wapokeaji, hela ya ulinzi, na unayo kwa miaka minne, wa tano timu ina haki ya kuuongeza kwa bei iliyopangwa. Timu nyingi zinapata kotabeki wa bei nafuu alafu hela iliyobaki haijulikani imeenda wapi, mpaka kijana anafika kudai mkataba mkubwa bado anakimbizwa kama kuku.

Watu wataniuliza acheze siku ya kwanza au akae benchi. Mahomes alikaa mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja ya mwisho tu, 2018 akaanza rasmi akatoa tachidauni 50. Ila timu yake, Kansas City Chiefs, ilikuwa nzuri tayari, wewe wa 3-14 huna anasa hiyo kila mara. C.J. Stroud alianza mechi ya kwanza 2023 Houston na akawa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji. Jayden Daniels 2024 aliikuta Washington imetoka kushinda 4, wakashinda 12, lakini kabla yake walikuwa wameshabadilisha mwenye timu, meneja na kocha, wakaleta mtu wa kati wa laini na wazee kadhaa wanaojua kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mimi kipimo changu ni stopwochi yangu, laini ikitoa sekunde mbili na nusu kwenye mechi za maandalizi Agosti, mwanzishe. Isipotoa, tafuta mzee wa miaka 34 apokee vipigo mpaka Novemba, huyo mwili wake umezoea na mguu wake haunyanyuki.

Sasa Titans wako. Nisiwe mkali kupita kiasi maana walijaribu, Machi 2025 walimsajili Dan Moore kwa upande wa kushoto wa laini na Kevin Zeitler ndani, walijua mtoto anakuja. Kosa ninaloliona mimi ni la kocha, Brian Callahan alikuwa ametoka kushinda mechi 3, wakamwacha, wakamkabidhi kijana, alafu mechi sita wakamwondoa. Walitakiwa waamue Januari, aidha unamwamini unampa miaka miwili uvumilie 1-5, au humwamini unamtoa kabla Ward hajasoma ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama timu yako imejifunza, usiangalie nani anachaguliwa Aprili, angalia mambo mawili, kocha aliyekuja baada ya Callahan anapewa muda gani, na mpira ukitoka kwa mtu wa kati hesabu mwenyewe kwa sauti sebuleni, moja, mbili, na uangalie mguu wa kushoto wa Ward.

Na jezi mnunulie dogo, usisubiri. Mchukue saizi kubwa kidogo, watoto wa miaka tisa wanakua haraka na mimi bado sijaona chochote kwa huyo kijana kinachosema hatakuwepo dogo akifika kumi na mbili. Alafu mfundishe kuhesabu na wewe.